Moto wa Uani: Kuchagua na Kutumia Jiko la Kuchomea Nyama

Jioni ya Jumapili katika kata ya Kasokola, Manispaa ya Mpanda, si ajabu kuona moshi mweupe ukitanda uani juu ya jiko la mkaa, mtu mmoja akipepea kwa kipande cha boksi na mwingine akijipangusa macho. Paja la mbuzi limelazwa juu ya wavu. Upande wa chini umekwisha kuwa mweusi, lakini kisu kikifika karibu na mfupa nyama bado ni nyekundu na ya baridi. Aghalabu lawama zote huangukia mkaa: mkaa ni mbichi, mkaa una mawe, muuzaji ametudanganya.

Huenda muuzaji ana makosa yake. Hata hivyo moto huo una kasoro tatu zinazoweza kuelezwa kwa fizikia na kemia ya kidato cha tatu, na kila moja ina dawa yake. Kuni hazikuungua zikaisha, ndiyo maana kuna moshi. Joto halikudhibitiwa, ndiyo maana nje pameungua na ndani pamebaki pabichi. Mafuta ya nyama yaliachwa yadondoke juu ya makaa, ndiyo maana ndimi za moto zilizuka na kuipaka nyama masizi.

Katika miaka ya 1980 fundi mmoja wa Marekani, Joe Traeger wa mji wa Mount Angel katika jimbo la Oregon, alitengeneza jiko la kuchomea nyama lililokusudiwa kuondoa kasoro hizo kwa pamoja. Jiko hilo halitumii mkaa wala magogo. Hutumia peleti, yaani vidonge vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa kwa nguvu nyingi, vyenye unene wa milimita 6 hadi 8. Majiko ya aina hiyo sasa yanauzwa katika nchi nyingi, na matangazo yake humfikia hata mkazi wa Katavi kupitia simu yake. Makala haya yanaeleza jinsi jiko hilo linavyofanya kazi, yanapima kama linafaa kununuliwa na mtu wa Kasokola, kisha yanaonyesha ni kanuni zipi zake zinazoweza kuhamishiwa katika jiko la kawaida bila kununua mashine yoyote.

Moshi ni nini?

Kipande cha mti kinapotiwa motoni hupitia hatua tatu. Kwanza maji yaliyomo hugeuka mvuke. Pili, joto linapopita nyuzi 200 hivi za sentigredi, mti wenyewe huanza kuvunjika na kutoa gesi pamoja na matone madogo sana ya lami. Tatu, gesi zikiisha kutoka, hubaki makaa, ambayo ni kaboni kwa sehemu kubwa, nayo huungua polepole bila ndimi za moto.

Jambo ambalo wengi hawalitambui ni ukubwa wa hatua ya pili. Karibu robo tatu ya uzito wa mti mkavu, au zaidi, hutoka kama gesi na lami. Ndimi za moto zinazoonekana juu ya kuni ni gesi hizo zinazoungua. Zikikosa hewa ya kutosha, au zikipoa kabla ya kuchanganyika na oksijeni, hazitaungua. Zitapaa zikiwa moshi. Kwa hiyo moshi ni kuni ambazo mpishi amezilipia kisha akaziacha ziende zake, na njiani zikapitia machoni na mapafuni mwa watu wa nyumba hiyo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu inayotokana na upishi majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka wa 2020.

Maji yaliyomo ndani ya kuni huharibu mambo kwa njia mbili. Hula joto ili yageuke mvuke, na mvuke huo huzipoza gesi zisiweze kushika moto. Kilo moja ya mti mkavu kabisa hutoa kiasi cha megajuli 18 hadi 19. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri juani, ambazo bado zina maji asilimia 15 hivi, hutoa karibu megajuli 15. Kuni zilizokatwa jana, ambazo maji ni asilimia 45 ya uzito wake, hutoa megajuli 9 tu. Huko Katavi, ambako mvua huanza mnamo Novemba na kuendelea hadi Aprili, maana ya tarakimu hizi ni nyepesi: kuni za Januari zikatwe na kupasuliwa mwezi Juni, kisha zipangwe juu ya vigingi chini ya paa. Kuupasua mti ni muhimu kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa magome huzuia maji kutoka.

Mashine inavyofanya kazi

Jiko la peleti lina pipa dogo pembeni la kuwekea peleti. Chini ya pipa hilo kuna parafujo ndefu inayozungushwa na mota ya umeme. Parafujo husukuma peleti kidogo kidogo hadi kwenye kikombe cha chuma kilichopo katikati ya jiko. Ndani ya kikombe kuna kiwashio cha umeme ambacho huwaka kwa dakika chache za mwanzo, na chini yake kuna feni inayopuliza hewa. Juu ya kikombe limewekwa bamba la chuma linalozuia ndimi za moto zisifikie nyama, na pia linakinga mafuta yasidondokee motoni. Nyama hukaa juu ya wavu, mfuniko ukiwa umefungwa. Kipimajoto kilichomo ndani hupeleka habari kwenye kidhibiti. Joto likishuka, parafujo huzunguka zaidi, likipanda hupunguza mwendo.

Kwa hiyo mpishi hachochei wala hapepei. Huchagua nyuzi, tuseme 120 au 200, akaenda kufanya mambo mengine. Moshi ni mdogo kwa sababu kila kitu kinachoingia motoni kinajulikana: peleti zote zina ukubwa mmoja, maji yake hayazidi asilimia 10, na hewa inapimwa na feni. Kwa kweli fundi Traeger hakubuni moto mpya. Alichofanya ni kuondoa mambo ya kubahatisha, na hilo ndilo funzo kubwa la mashine yake kwa mwanafunzi wa sayansi.

Inafaa kutaja kuwa Kiswahili kilikuwa na maneno ya kutenganisha aina hizi za upishi kabla mashine hazijafika. Nyama iliyo juu ya makaa mekundu huchomwa, na joto huifikia zaidi kwa mnururisho, yaani miali itokayo moja kwa moja kwenye makaa. Nyama iliyo ndani ya chombo kilichofunikwa huokwa, na joto huifikia zaidi kwa myuko, yaani likibebwa na hewa ya moto inayozunguka. Nyama au samaki aliyetungwa kijitini na kusimikwa kando ya moto hubanikwa. Jiko la peleti, ingawa huuzwa kama jiko la kuchomea, kwa sehemu kubwa ni tanuri la kuokea lenye harufu ya moshi. Mtu anayependa ukoko wa nyama choma ya barabarani huenda akasikitika baada ya kulinunua.

Hesabu ya paja la mbuzi

Ili kulinganisha majiko, ni vema kufuata nishati kutoka msituni hadi kwenye sahani. Ichukuliwe nyama ya mbuzi kilo 2 yenye nyuzi 25, inayotakiwa kufika nyuzi 75 ndani. Joto mahususi la nyama ni kiasi cha kilojuli 3.4 kwa kilo kwa kila nyuzi. Basi kuipasha kunahitaji 2 × 3.4 × 50, yaani kilojuli 340. Iwapo gramu 400 za maji zitakauka wakati wa kuchoma, zitahitaji 0.4 × 2,260, yaani kilojuli 904. Jumla ni kilojuli 1,244, au megajuli 1.24.

Jiko la peleti linalotumia kilo moja kwa saa litamaliza kilo 2 kwa saa mbili. Kilo moja ya peleti nzuri ina megajuli 17, hivyo zimetumika megajuli 34. Joto lililofanya kazi ndani ya nyama ni asilimia 3.6 tu. Nishati nyingine yote imepasha chuma, hewa na uwanja. Mwanafunzi asishangae, kuchoma nyama ni miongoni mwa njia za upishi zinazopoteza joto mno, iwe Oregon au Kasokola.

Sasa utazamwe mkaa. Ikiwa nyama hiyohiyo imechomwa kwa kilo 1.5 za mkaa, wenye megajuli 29 kwa kilo, zimetumika megajuli 43.5, na ufanisi ni asilimia 2.9. Mpaka hapo mkaa na peleti havitofautiani sana. Lakini mkaa ulikuwa mti kabla ya kuwa mkaa. Tanuri la udongo la wachoma mkaa hutoa kwa kawaida kilo 10 hadi 20 za mkaa kwa kila kilo 100 za mti mkavu. Kwa kiwango cha kati cha asilimia 15, kilo 1.5 za mkaa zilihitaji kilo 10 za mti, wenye megajuli 150. Ufanisi wa safari nzima unashuka chini ya asilimia 1. Kwa maneno mengine, zaidi ya theluthi mbili za nishati ya mti zilipotelea msituni, ndani ya tanuri la udongo, kabla gunia halijafika Mpanda.

Kilo kumi za mti wa miombo kwa kilo mbili za mbuzi ni bei kubwa. Misitu ya miombo ndiyo inayolea nyuki wa Katavi, na asali ya huko ina sifa nchini kote. Msitu huohuo hutakiwa pia na wakaushaji tumbaku na wapasua mbao za mninga. Mti wa miombo uliokatwa huchipua tena kwenye kisiki, na hilo ni jambo la kushukuru, lakini huhitaji miaka mingi kabla haujarudi kuwa mti, na huhitaji pasipite moto wala jembe katika muda huo.

Peleti zina faida mbele ya mkaa iwapo tu zimetengenezwa kwa mabaki: unga wa msumeno na maranda ya seremala, ambayo mahali pengi hurundikwa au kuchomwa bure. Mti mzima ukikatwa ili usagwe kuwa peleti, nyama hiyo ingehitaji kilo mbili na kitu za mti mkavu, ambazo bado ni chache kuliko kumi. Juu ya hizo iongezwe nishati ya kukausha unga na ya kuendesha mashine ya kushindilia.

Peleti nzuri na peleti mbaya

Unga wa mbao hushikamana wenyewe bila gundi. Ndani ya mti kuna kitu kiitwacho lignini, ambacho hulainika kwa joto linalozaliwa na msuguano ndani ya mashine, kisha hugandamana kinapopoa. Peleti nzuri ina uso unaong'aa kidogo na huvunjika kwa mlio mkali. Ikitupwa ndani ya maji huvimba na kusambaratika kwa dakika chache, dalili kwamba haina gundi ya kigeni. Tabia hiyohiyo ndiyo udhaifu wake mkubwa, kwani gunia la peleti likiloa mvua moja huwa uji, na uji huo ukikauka ndani ya parafujo huwa kama saruji.

Swali huulizwa kama pumba za mpunga zinaweza kutumiwa, kwa vile Mpanda na jirani zake hulima mpunga kwa wingi. Kila kilo 100 za mpunga hutoa karibu kilo 20 za pumba. Zinaweza kushindiliwa, na nishati yake si mbaya, megajuli 13 hadi 15 kwa kilo. Tatizo ni majivu. Peleti safi za mbao huacha majivu chini ya asilimia 1 ya uzito wake, ilhali pumba za mpunga huacha asilimia 15 hadi 20, na sehemu kubwa ya majivu hayo ni silika, yaani jamii ya mchanga. Kwa kilo 2 za pumba mpishi atabaki na gramu 300 hadi 400 za majivu ndani ya kikombe kilichokusudiwa gramu 20. Kikombe kitaziba, hewa itakatika, na moshi ule uliokimbiwa utarudi. Pumba zina majiko yake yanayozifaa. Zisilazimishwe kuingia katika mashine ya peleti za mbao.

Mbao zilizopakwa rangi, mbao za tabaka zilizounganishwa kwa gundi, na vipande vya nguzo zilizotiwa dawa visitumiwe kabisa kupikia, viwe vimesagwa au havikusagwa. Dawa moja iliyotumika sana kuhifadhi nguzo ina shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki haiishi kwa kuchomwa. Sehemu hupaa na moshi na sehemu hubaki majivuni. Mnyaa nao uachwe kwenye ua wake: utomvu wake huunguza ngozi na macho ya anayeukata. Hata unga wa mninga, mti uliopendwa kuliko yote kwa samani, huwasha pua na kuwaletea baadhi ya mafundi pumu, hivyo anayekusanya unga kiwandani afunike pua na mdomo.

Umeme, na kisa cha Rwanda

Jiko la peleti halili umeme mwingi. Kiwashio cha wati 300 kikiwaka dakika 5, kisha feni na mota vikitumia wati 50 kwa saa mbili, jumla ni uniti 0.125. Shida yake si wingi wa umeme; shida ni kwamba umeme usikatike. Ukikatika katikati ya upishi, feni husimama na peleti zilizomo kikombeni hufuka moshi. Zaidi ya hayo, moto unaweza kutambaa polepole kurudi nyuma kupitia parafujo hadi kwenye pipa. Kwa miaka mingi mji wa Mpanda ulitegemea jenereta za dizeli, na wakazi wake hawahitaji kufundishwa maana ya giza la ghafla. Mwenye jiko hili awe na betri ya akiba, na pipa lisijazwe zaidi ya mahitaji ya siku ile.

Lililo gumu kuliko umeme ni upatikanaji wa peleti zenyewe. Nchini Rwanda kampuni ya Inyenyeri, iliyoanzishwa 2010, iliwapatia wakazi wa sehemu za Gisenyi majiko madogo ya peleti yenye feni, na kujipatia mapato kwa kuuza peleti. Vipimo vilivyofanywa majumbani humo na kutangazwa 2019 vilionyesha kuwa moshi ulikuwa mdogo mno, karibu kama wa jiko la gesi. Kisayansi lilikuwa jambo la kufaulu. Hata hivyo kampuni ilifunga shughuli zake 2020. Wakati huo jiko lilikuwa zuri kama awali. Kilichohitajika ni kiwanda, magari na fedha za kulisha jiko hilo kila juma. Mtu wa Kasokola anayetaka kununua jiko la peleti aulize kwanza peleti za mwezi wa sita tangu leo zitatoka wapi. Asipopata jibu lenye jina la mahali na bei, aache. Kwa hali ilivyo, kwa nyumba nyingi za Kasokola jibu sahihi ni kuacha.

Jiko la kopo

Kuna njia ya kupata sehemu kubwa ya faida hizo bila umeme. Mwaka 1985 mwanakemia wa Marekani Thomas Reed alianza kufanyia kazi moto unaowashwa kutoka juu badala ya chini. Mnorwei Paal Wendelbo naye, akifanya kazi kaskazini mwa Uganda, alifikia kanuni hiyohiyo kwa njia yake na kuunda jiko lililopewa jina la Kiacholi, Peko Pe, maana yake "hakuna tatizo".

Jiko hilo ni makopo mawili, dogo likiwa ndani ya kubwa. Kopo la ndani hujazwa magunzi makavu ya mahindi yaliyovunjwavunjwa, vipande vya kuni vya ukubwa wa kidole, au peleti. Matundu machache chini yake hupitisha hewa kidogo. Hewa nyingine hupanda kati ya makopo mawili, ikipata joto njiani, na kuingia kupitia mstari wa matundu karibu na mdomo. Eneo la matundu ya juu liwe kubwa kuliko la matundu ya chini. Moto huwashwa juu. Tabaka la moto hushuka polepole, likipika kuni zilizo chini yake. Gesi hupanda, hukutana na hewa ya moto mdomoni, na kuungua kwa mwali safi. Gesi ikiisha, mwali huzimika wenyewe, na ndani ya kopo hubaki makaa kiasi cha humusi ya uzito wa kuni.

Hapo ndipo mchoma nyama wa Kasokola anapopata mambo mawili kwa kuni zilezile. Mwali wa mwanzo hupika ugali au maharage. Makaa yanayobaki humwagwa kwenye jiko la kawaida, na nyama huchomwa juu yake. Gesi ambazo tanuri la udongo huziacha zipotee msituni, hapa zimepika chakula cha jioni. Kopo lenye rangi lichomwe kwanza tupu, mbali na watu, hadi rangi iishe. Bati lenye zinki lisitumiwe, wala wavu wa waya wenye zinki, maana zinki ikipata joto kali hutoa moshi unaoleta homa. Wavu wa nondo nyembamba au waya mweusi unatosha.

Makaa ya aina yoyote yakiwaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kutokuwapo kwa moshi si ushahidi wa usalama. Taarifa za watu waliofariki usingizini baada ya kuingiza jiko la mkaa ndani usiku wa baridi hazijakoma nchini Tanzania. Jiko la nyama ni la uani, na likimaliza kazi yake lilale uani.

Namna ya kuchoma

Makaa yaachwe mpaka yafunikwe na majivu meupe ndipo nyama iwekwe. Kabla ya hapo bado yanatoa lami. Kisha yasukumwe upande mmoja wa jiko, na upande wa pili ubaki bila makaa, ukiwekwa sufuria ndogo au bamba la kukingia mafuta. Nyama nene huanza upande usio na makaa, jiko likiwa limefunikwa kwa sufuria kubwa au debe lililokatwa, lenye tundu la kupitishia hewa. Hilo ndilo bamba la Traeger likifanya kazi bila Traeger. Nyama ikikaribia kuiva husogezwa juu ya makaa kwa dakika chache ili ipate rangi. Migebuka wa Ziwa Tanganyika, kwa mafuta yao mengi, wafanyiwe hivyohivyo, au wabanikwe kando ya moto kama wavuvi wanavyojua.

Kisa cha kukimbia matone ya mafuta si masizi tu. Mafuta yakidondoka juu ya makaa huvunjika na kuunda kemikali za jamii ya benzopireni, ambayo imethibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, nazo hupanda na moshi na kutua juu ya nyama. Sehemu iliyokuwa mkaa ikatwe na kutupwa. Kuku afikie nyuzi 74 ndani, na nyama ya nguruwe isibaki na wekundu wowote, kwa sababu ya malengelenge ya tegu.

Kupepea nako kuna hesabu yake. Nguvu ya mnururisho hufuata kipeo cha nne cha joto halisi. Makaa yakipanda kutoka nyuzi 600 hadi 700, yaani kutoka kelvini 873 hadi 973, mnururisho huongezeka kwa zaidi ya nusu. Ndiyo sababu mapepeo machache huunguza upande mmoja kabla mpishi hajageuza. Wapo walimu wanaoeleza umbali wa wavu kwa kanuni ya kinyume cha mraba. Kanuni hiyo ni ya nukta ya mwanga, na kitanda cha makaa si nukta. Ukiinua wavu mara mbili ya umbali, joto hupungua, lakini si hadi robo.

Jaribio la shuleni

Vifaa: mizani, kipimajoto, sufuria yenye mfuniko, lita 2 za maji, na aina mbili za kuni, moja ya kuni zilizokaa juani miezi kadhaa na nyingine ya kuni mbichi za mti uleule.

Pima gramu 200 za vipande vya kila aina. Vikaushe katika tanuri lenye nyuzi 105 hadi uzito usibadilike tena. Shule isiyo na tanuri la maabara inaweza kuomba nafasi katika tanuri la mkate baada ya mikate kutolewa, ingawa joto lake halitakuwa thabiti. Ikiwa gramu 200 zimebaki 156, maji yalikuwa 44 kati ya 200, yaani asilimia 22.

Kisha kila kundi la wanafunzi lichemshe lita 2 za maji uani kwa gramu 800 za kuni za aina moja, likiandika joto kila dakika mbili. Mpanda iko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yatachemka karibu na nyuzi 96. Mwanafunzi asisahihishe kipimajoto chake kwa kudhani kimeharibika. Kundi moja litumie mafiga, jingine jiko la kopo, na lile la kopo lipime pia makaa yaliyobaki.

Maswali

1. Katika jaribio lako, ni gramu ngapi za kuni zilitumika kugeuza maji ya ndani ya kuni zenyewe kuwa mvuke? Tumia kilojuli 2,260 kwa kilo ya maji na megajuli 15 kwa kilo ya kuni.

2. Familia huchoma kilo 2 za nyama kila Jumapili kwa kilo 1.5 za mkaa. Ni kilo ngapi za mti hukatwa kwa mwaka ikiwa tanuri la mkaa hutoa asilimia 10? Na likitoa asilimia 20?

3. Jiko la kopo lililojazwa kilo 1.5 za magunzi hubakiza makaa kiasi gani? Je, yanatosha paja la mbuzi, au nyama ikatwe mishikaki?